“Baadaye” ni Saa Ngapi?

Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume 24:24–27

Wewe uliye jikoni unachemsha chai, wewe uliye njiani kwenda kazini, na wewe uliyelala kitandani kwa ugonjwa, karibuni tuwe pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nitasema habari za kompyuta ya nyumbani. Huenda mama mmoja anayenisikiliza ataguna na kusema, “Mchungaji naye ameingia mambo ya vijana.” Subiri kidogo, mama. Bwana wetu alipofundisha alichukua taa, chachu, wavu wa samaki na kiraka cha nguo, vitu ambavyo wasikilizaji wake walivijua kwa mikono yao. Nasi siku hizi katika nyumba nyingi kuna kompyuta mezani. Watoto wanafanyia kazi za shule, baba anaandikia barua, na mara nyingi hesabu za kanisa zima, sadaka pamoja na michango ya ujenzi, zimo ndani ya kompyuta moja nyumbani kwa mweka hazina. Kwa hiyo si jambo la vijana peke yao.

Mwenye kompyuta anaujua ujumbe huu. Hutokea kwenye kona ya kioo, na kwa kawaida hutokea wakati una haraka. Unasema kuna masasisho yaliyo tayari, na kwamba kompyuta inahitaji kuzimwa na kuwashwa tena. Kisha unauliza: sasa, au baadaye? Nasi karibu wote tunabonyeza “baadaye”. Kesho yake unakuja tena, na sisi tunabonyeza vile vile. Nataka tuulizane asubuhi ya leo: hiyo baadaye ni saa ngapi?

Kwanza nieleze sasisho ni nini, maana wako wanaodhani ni ujanja wa makampuni wa kutumalizia bando. Programu zinazoendesha kompyuta zimeandikwa na watu, nazo zina mamilioni ya mistari. Mtu akiandika mistari mingi namna hiyo hakosi kukosea mahali. Makosa mengine ni madogo, lakini mengine ni kama tundu katika ukuta wa nyumba: mwenye nyumba halioni, bali mwizi akilijua anaingia. Tundu likigunduliwa, watengenezaji huandika kipande cha kuliziba na kukipeleka kwa kila kompyuta kwa njia ya intaneti. Wataalamu wa kazi hiyo hukiita kiraka, neno lile lile la fundi wa cherehani. Basi sasisho ni mkusanyo wa viraka, pamoja na mapambo mapya ambayo, kusema kweli, mengi yake tungeweza kuishi bila hayo.

Sasa fungua Matendo ya Mitume sura ya 24. Paulo amefungwa katika mji wa Kaisaria. Liwali Feliki na mkewe Drusila wanamwita wapate kumsikia. Paulo anasema nao juu ya haki, juu ya mtu kujitawala, na juu ya hukumu itakayokuja, na Feliki anaogopa. Hilo lisikupite, ndugu. Neno lilimgusa. Hakumcheka Paulo wala hakumbishia. Alimwambia tu aende zake kwa wakati ule, naye atamwita tena siku ambayo hana shughuli. Kwa lugha ya nyumba zetu, alibonyeza “baadaye”.

Wala Feliki hakuwa mwongo kabisa katika ahadi hiyo. Luka anatuambia kwamba alimwita Paulo mara nyingi, akazungumza naye, ingawa pia alikuwa akitazamia apewe rushwa. Kwa hiyo mtu huyu alisikia mahubiri ya mtume mwenyewe, uso kwa uso, mara nyingi. Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha akaja Porkio Festo kushika mahali pake, na Feliki akaondoka na kumwacha Paulo kifungoni. Ile siku isiyo na shughuli, Maandiko hayatuambii kwamba ilifika.

Farao alikataa waziwazi, na kila mtu alijua amekataa. Feliki alikubali nusu, asitaje siku. Mimi naona hatari ya Feliki ndiyo iliyo karibu na watu wa kanisani, kwa sababu sisi hatuna mazoea ya kumkatalia Mungu kwa sauti kubwa.

Acha nikupe mfano wa kazi ambayo “baadaye” inaweza kufanya. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft, watengenezaji wa Windows, walitoa kiraka cha tundu moja la hatari sana. Kilikuwa bure. Kompyuta zilizopangwa kujisasisha zenyewe zilikipokea, nyingine usiku, wenyewe wakiwa wamelala. Mwezi wa Aprili namna ya kulitumia tundu lile ikatangazwa hadharani kwenye intaneti, kila mwovu aisome. Na siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei, virusi vilivyoitwa WannaCry vikaanza kuenea. Vilifunga mafaili ya kompyuta kama mtu anayekuja na kufuli lake na kuifunga nyumba yako ukiwa nje. Kisha vikaandika kwenye kioo: lipa dola 300, na baada ya siku tatu bei itakuwa dola 600. Kwa muda wa siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikuwa zimeshikwa.

Katika Uingereza pigo liliangukia hospitali za serikali. Mahali pengi wauguzi walirudia kalamu na karatasi. Hospitali kadhaa zililazimika kuelekeza magari ya wagonjwa kwingine. Ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa, na miongoni mwa waliovunjiwa walikuwamo watu waliotumwa kwa haraka wakaangaliwe kama wana saratani. Mtu kama huyo amekwisha kupiga magoti na watoto wake, amevaa, amefika, kisha anaambiwa arudi nyumbani kwa sababu mashine imefungwa na mtu asiyejulikana.

Sasa tuhesabu. Tangu tarehe 14 Machi hata tarehe 12 Mei ni siku 59. Nehemia na watu wake waliumaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52, tena huku wakitishwa na adui zao. Huku siku 59 zilipita na kiraka kiko mlangoni, kimeletwa, hakidai hata senti. Wala usidhani kwamba kompyuta zilizoshikwa zilikuwa nzee zisizokuwa na dawa. Zilizo nyingi zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa, na kiraka chake kilikuwa tayari. Zilikuwa zikingoja nafasi.

Wazee wanaonisikiliza wanayakumbuka majosho. Katika sehemu nyingi za Kenya palikuwa na josho la kijiji, na siku yake ilijulikana na kila mtoto. Ikiwa ni Jumatano, basi ni Jumatano. Ng'ombe walipelekwa asubuhi na mapema, wakaruka mmoja mmoja ndani ya maji ya dawa, wakatoka upande wa pili wakitiririka, na vijana wakicheka ndama aliyeogopa. Sababu ilikuwa kupe. Yule kupe wa kahawia wa masikioni ndiye anayeleta ndigana, na ndigana ikiingia katika boma hufagia ndama. Dawa haikai mwilini siku nyingi, na kupe wapya hupanda kutoka katika majani, kwa hiyo ng'ombe aliogeshwa kila wiki. Mfugaji aliyejua kazi yake hakusema, “Nitawapeleka nikiona kupe wamezidi.” Ukiona wamezidi, umekwisha kuchelewa.

Tena yule ambaye hakupeleka ng'ombe wake hakujidhuru peke yake. Kupe hajui mpaka wa shamba. Ng'ombe wa jirani wakichunga kando ya wako na kunywa mto mmoja, amekugawia kupe wake bila kukuuliza. Ndivyo ilivyokuwa kwa WannaCry. Haikungoja mtu afungue barua mbaya. Ikiisha kuingia katika kompyuta moja, ilitafuta yenyewe kompyuta nyingine zilizo na tundu lile na kuzirukia. Mtu husema, “Kompyuta yangu haina siri yoyote, nani ataitaka?” Ndugu yangu, kupe hatafuti siri. Mwizi akiisha kuingia katika kompyuta yako anaweza kuifanya njia ya kwenda kwa wengine, na kuwaandikia washirika wenzako kwa jina lako, akiwaomba mchango kwa ajili ya mgonjwa ambaye hayuko. Nao watatoa, kwa sababu jina ni lako.

Nilimtaja Nehemia. Ukipata nafasi jioni, soma sura yake ya 3, ile orodha ndefu ya majina ambayo wengi wetu huiruka. Utaona mara kadhaa kwamba mtu fulani alitengeneza sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia ajenge ukuta wote. Lakini kama angekiacha wazi kile kipande cha mbele ya mlango wake, mji mzima ungekuwa wazi, na kazi nzuri ya jirani zake wa kushoto na kulia isingekuwa na faida.

Basi tufanyeje? Nitasema wazi, hata kama wengine wataona si maneno ya mimbari. Ukitumia Windows, fungua mipangilio ya kompyuta, uingie sehemu ya Windows Update. Humo utakuta mahali pa kuiambia kompyuta saa ambazo wewe huitumia, tuseme kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Unaweza kuipa hadi saa 18 katika siku moja. Katika saa hizo haitajizima na kujiwasha yenyewe kwa ajili ya sasisho. Nje ya saa hizo umeipa ruhusa. Na kama sasisho limekwisha kuingia na linangoja tu kompyuta iwashwe upya, utapewa nafasi ya kuchagua siku na saa. Chagua. Usiufunge ukurasa ule kabla hujaweka saa.

Watengenezaji wenyewe wana siku yao ya josho. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vyake vya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwetu hapa huwa ni usiku wa siku hiyo, saa mbili au saa tatu, kufuatana na majira ya kule Marekani. Kwa hiyo nyumba inayotaka utaratibu mwepesi inaweza kushika usiku wa Jumatano au wa Alhamisi inayofuata. Sipendekezi kungoja zaidi ya siku chache. Kiraka kikitolewa, wezi nao hukichunguza ili wajue kimeziba tundu gani, kisha huenda kuwatafuta wale ambao hawajaziba. Tangazo la dawa limekuwa pia tangazo la ugonjwa.

Usiku huo iache kompyuta imewashwa, na waya wake uwe kwenye umeme. Hapa ndipo wengi wanapokosa. Tumezoea kuifunika laptopu na kwenda kulala, nayo haikuzimwa, imesinzia tu, mwezi mzima. Viraka vinaweza kuwa vimeingia vyote, vimo ndani, lakini sehemu kubwa yake haianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Kuhusu umeme wetu, unajua jinsi ulivyo. Laptopu yenye chaji itavumilia ukikatika kidogo. Kwa kompyuta kubwa ya mezani isiyo na betri, chagua saa ambayo umeme wa kwenu kwa kawaida hautetereki, na ukiona maandishi ya kwamba kazi inaendelea, usiizime kwa nguvu hata kama inachukua muda. Kanywe chai.

Na bando? Hili ni swali la haki, maana sasisho la mwezi linaweza kula mamia ya megabaiti, na mzazi anayepima kati ya bando na unga hatachelewa kuchagua unga. Windows inakubali uiambie kwamba intaneti unayotumia ni ya kupimiwa. Ukifanya hivyo haitapakua masasisho mengi yenyewe. Acha alama hiyo kwa intaneti ya simu. Lakini ukishaiweka, umefunga njia ya josho, kwa hiyo ni lazima uwe na usiku mmoja katika mwezi wa kuiondoa, au siku ya kuichukua laptopu yako mahali penye intaneti isiyohesabiwa, kwa mtoto wako mjini au ofisini kwa kanisa ikiwa wazee wamekubali. Nyumba yenye kompyuta kadhaa inaweza pia kuzipanga zigawane, moja ikiisha kupakua nyingine zinapata kwake. Wenye kompyuta za Apple watakuta mpangilio wa namna hii katika sehemu ya masasisho, na wenye Ubuntu viraka vya usalama kwa kawaida huingia vyenyewe, ila wasisahau kuiwasha upya inapoomba.

Neno moja kwa wenye Windows 10. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mwenye kompyuta ya nyumbani aliyejiandikisha, Microsoft waliongeza viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta isiyoletewa viraka tena huendelea kuwaka vizuri, na hilo ndilo linalodanganya. Hesabu za kanisa zisikae humo.

Sasa kuna mtu anayesema, “Mchungaji, je, sasisho lenyewe likiniharibia?” Hilo limetokea. Tarehe 2 Oktoba 2018 lilitolewa sasisho kubwa la Windows 10 ambalo katika kompyuta za watu wengine lilifuta mafaili yao. Baada ya siku chache Microsoft wakalisimamisha, wakalitoa tena mwezi wa Novemba likiwa limetengenezwa. Kwa hiyo sikuambii umtegemee mwanadamu kana kwamba hakosei. Weka nakala ya mafaili yako ya maana katika flashi au diski nyingine, kisha uichomoe, isikae imeunganishwa na kompyuta siku zote. Mweka hazina afanye hivyo kila akifunga hesabu za Jumapili.

Wala sisemi kuahirisha ni dhambi. Mwanafunzi anayeandika kazi ya kupeleka kesho asikubali kompyuta ijizime saa tano usiku. Windows yenyewe inaruhusu kusimamisha masasisho, mpaka wiki 5. Lakini tazama inavyofanya: haikuruhusu kuondoka hivi hivi. Inakutaka utaje utasimamisha mpaka lini. Naona katika jambo hili mashine ina hekima kuliko Feliki. Mtu anayesema “Alhamisi saa nane usiku” ameahirisha. Mtu anayesema “baadaye” amekataa, ila kwa adabu.

Linganisha na Danieli, sura ya 6. Alikuwa na saa zake za kuomba, mara tatu kwa siku, katika chumba chake cha juu ambacho madirisha yake yalielekea Yerusalemu. (Na jina Windows, kwa taarifa yako mama, maana yake ni madirisha.) Wakuu wakapanga hila, mfalme akatia sahihi, kwamba kwa siku 30 mtu asiombe ila kwa mfalme. Danieli alipojua kwamba hati imetiwa sahihi, alipanda chumbani na kuomba kama alivyokuwa akifanya. Hakukaa kitako kupima kama leo ni siku nzuri ya kuomba. Jambo hilo alikuwa ameliamua zamani, katika siku za amani, wakati kuomba hakukuwa na gharama yoyote, na saa ilipofika miguu yake ilijua njia. Kama angekuwa mtu wa kuomba anapopata wasaa, nina hakika siku ile angekosa wasaa.

Mimi nimewatembelea Wakristo wengi kwao, na swali langu la kawaida ni hili: mnaomba pamoja nyumbani? Jibu la kawaida ni, “Tunajaribu, Mchungaji.” Nikisikia neno “tunajaribu” ninajua hakuna saa. Katika nyumba ambayo saa ipo, hunijibu kwa saa. Husema, “Saa mbili kasorobo, baada ya chakula,” na mara nyingi anayejibu ni mtoto.

Hapa nikiri kwamba mfano wangu unachechemea. Kompyuta unaweza kuipangia Jumatano usiku ukalala, ikatengenezwa wewe ukikoroma. Nafsi haitengenezwi hivyo; lazima mwenyewe awe macho na akubali. Tena toba haina Jumatano. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 3, analirudia neno “leo” kama mtu anayegonga mlango asiondoke. Kama Roho wa Mungu amekusemesha asubuhi hii juu ya dhambi unayoijua, usimpangie Mungu Alhamisi. Piga magoti hapo hapo jikoni.

Lakini kuna mambo mengine ambayo kwa kweli yanahitaji siku, kwa sababu yanahitaji safari, au mtu wa pili. Yuko ndugu anayenisikiliza ambaye hajasemezana na ndugu yake wa tumbo moja tangu walipomzika baba, kwa sababu ya ukingo wa shamba. Umesikia mahubiri ya kusamehe, labda mara ishirini. Umesema Amina. Neno limo ndani yako lote, kama kiraka katika laptopu iliyofunikwa, na Yakobo anatuonya juu ya mtu asikiaye tu, kwamba ni kama aliyejitazama katika kioo akaenda zake na kusahau sura yake. Feliki naye alisikia sana. Sikuulizi kama utamsamehe ndugu yako, maana najua utaniambia ndiyo. Nakuuliza utapanda matatu ya siku gani.

Yuko na mama mwenye barua ya binti yake mezani, haijajibiwa tangu Pasaka. Yuko na mzee wa kanisa ambaye anajua kwamba hesabu za ujenzi hazilingani, na amekuwa akingoja kikao kizuri cha kulisema. Mzee, kikao kizuri hakitakuja chenyewe. Kipigie simu.

Kama una kalamu karibu, ichukue. Pembeni mwa gazeti panatosha. Nitanyamaza kidogo, uandike jambo lenyewe kwa neno moja, na mbele yake siku, na mbele ya siku, saa.

Na tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyetoka asubuhi na mapema kungali giza kwenda kuomba, unawaona walioshika kalamu sasa. Umjalie yule ndugu nauli na moyo wa kubisha hodi. Na yule aliye ndani, umpe kufungua. Uwalinde waweka hazina wetu na vitabu vilivyo mikononi mwao. Uwakumbuke wagonjwa wanaongoja miadi hospitalini leo. Kwa jina lako tunaomba. Amina.